Copernicus Browser machoni pa msimamizi wa bonde: tathmini ya huduma kutoka mlimani hadi mlangoni mwa bahari

Mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuangalia bonde zima la mto, kuanzia chemchemi za milimani hadi mikoko iliyosimama mlangoni mwa bahari, hukabiliwa kila siku na tatizo lile lile: eneo ni kubwa, watumishi ni wachache, na jambo analopaswa kulijua huwa limekwisha kutokea kabla hajafika. Vituo vya kupimia maji havitoshi kamwe, na kila kituo husimulia habari za mahali kilipo tu, hivyo kati ya kituo kimoja na kingine hubaki kilomita nyingi za ukimya. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuandika tathmini ya huduma moja ambayo nimeitumia kwa muda mrefu katika kuujaza ukimya huo, nayo ni Copernicus Browser, ambayo kwayo Umoja wa Ulaya na Shirika la Anga la Ulaya wamewafungulia watu wote, bila malipo, ghala la picha za setilaiti za Sentinel.

Niseme mapema kwamba hukumu yangu si moja kwa kazi zote. Kwa ardhi, huduma hii ni bora kuliko chombo kingine chochote nilichowahi kushika. Kwa pwani ni nzuri, mradi mtumiaji awe anazijua saa za maji kujaa na kupwa kama mvuvi anavyozijua. Kwa ubora wa maji ni msaidizi tu, tena msaidizi anayehitaji kusimamiwa kwa karibu, kwa maana huduma hii hukuambia jambo limetokea wapi na lini, lakini kilichomo ndani ya maji haikuambii.

Kwa asiyeifahamu, hii ni ramani ya dunia inayofunguka ndani ya kivinjari cha kawaida cha kompyuta, ambapo mtumiaji huchagua tarehe, kiasi cha mawingu anachoweza kukivumilia, na aina ya picha anayoitaka. Ilianza kutumika mwaka 2023, pale mfumo wa zamani wa kupakulia data ulipostaafishwa, na tofauti kati ya mifumo hiyo miwili imebadilisha mwenendo wa kazi yenyewe. Zamani wengi wetu tulikuwa tukipakua faili la mamia ya megabaiti ndipo tugundue kwamba kipande cha mto tulichokihitaji kimefunikwa na wingu moja lisilo na haya. Sasa unatazama kwanza, unapima eneo na umbali papo hapo, na mara nyingi huna haja ya kupakua chochote. Anayetaka mafaili ghafi hujisajili, nako kujisajili hakuna gharama.

Mzigo mkubwa wa kazi umebebwa na setilaiti za Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017 na ya tatu Septemba 2024. Kila moja hupiga picha ya ukanda wenye upana wa kilomita 290 katika bendi 13 za mwanga, kila bendi ikisoma rangi yake peke yake. Picha hujengwa kwa viraba vidogo viitwavyo pikseli, na nne kati ya bendi hizo, yaani buluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu isiyoonekana kwa macho, zina pikseli ya mita 10, huku sita zikiwa na pikseli ya mita 20 na tatu zilizobaki mita 60. Setilaiti mbili zikifanya kazi kwa zamu, mahali palipo kwenye ikweta hupitiwa kila baada ya siku 5. Namba hizi ni za kushika kichwani, kwa sababu karibu kila sifa na kila kasoro nitakayoitaja hapa chini imezaliwa nazo.

Nieleze namna kazi inavyokwenda, kwa kuwa sifa za jumla hazimsaidii mtu anayetaka kuamua. Msimu mmoja, baada ya mvua zilizonyesha mfululizo, wavuvi wa mlangoni mwa mto walilalamika kwamba nyasi bahari zimefunikwa na tope na samaki wamehama. Mawingu yalipofunguka, picha ya kwanza ilionyesha ulimi wa rangi ya udongo wa mfinyanzi ukitoka mtoni na kupinda kandokando ya pwani kufuata mkondo. Hadi hapo hapakuwa na jipya, maana tope wavuvi walikuwa wameshaliona kwa macho yao. Nikaanza kupanda na mto. Kwenye makutano ya kwanza mkono wa kushoto ulikuwa wa kahawia na mkono wa kulia mweusi, na mstari uliotenganisha maji hayo ulionekana wazi kwa mwendo mrefu chini ya makutano, kana kwamba mito hiyo miwili imekubali kulala kitanda kimoja bila kugusana. Nikafuata mkono wa kahawia, na kwenye kila panda nikauliza swali moja tu: tope limetoka wapi? Haikuchukua zaidi ya robo saa kufika kwenye mteremko mwekundu usio na mti hata mmoja, kando ya barabara iliyochongwa karibuni. Niliporudisha tarehe nyuma miezi mitano, mteremko ule ule ulikuwa wa kijani. Niliposogea mbele picha moja baada ya nyingine, niliona kovu likianza kama pikseli tatu nne zilizopauka, kisha likirefuka kuelekea kwenye kijito kila mvua ilipopita.

Tulipofika huko kwa miguu tulikuta kalvati lililokuwa likimwaga maji yote ya barabara juu ya mteremko usio na jiwe wala nyasi, na chini ya mdomo wake palikuwa na korongo ambalo mtu mzima angesimama ndani yake asionekane. Kalvati lenyewe halikuonekana kwenye picha, wala lisingeweza kuonekana, kwa kuwa ni dogo kuliko pikseli. Hata hivyo, bila ile picha tungepima maji darajani kama kawaida, tungeandika namba ya tope kwenye fomu, tungerudi ofisini, na fomu ingebaki ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyejua lilikoanzia.

Kasoro ya kwanza huonekana katika safari hiyo hiyo ya kupanda na mto. Kadiri unavyoukaribia mlima ndivyo mto unavyozidi kuwa mwembamba, na ukishapungua chini ya mita 30 hivi, pikseli za mita 10 huanza kuchanganya maji, mchanga na majani ya ukingoni katika rangi moja isiyoaminika. Vijito vya juu kabisa, ambavyo ndivyo vinavyoamua afya ya mto wote, havionekani. Huko mtu hana budi kusoma ardhi inayovizunguka badala ya kusoma maji yenyewe, na ndiyo sababu nasema huduma hii ni ya ardhi kwanza.

Kasoro ya pili ni mawingu, nayo ni ya kuudhi kwa namna yake, kwa sababu tope husafiri wakati wa mvua na mvua haiji bila wingu. Kipindi ambacho msimamizi anahitaji picha kuliko wakati wowote ndicho ambacho picha hazifai. Dawa yake imo humo humo, nayo ni Sentinel-1, setilaiti ya rada ambayo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kusoma yanayorudi, hivyo hufanya kazi usiku na mchana, wingu liwepo lisiwepo. Maji yaliyotulia huyaelekeza mawimbi hayo kando kama kioo na kuonekana meusi tititi, kiasi kwamba mipaka ya mafuriko huchoreka bila shida. Lakini anayeianza rada leo ajiandae kudanganywa. Upepo ukivuma, uso wa ziwa hukunjamana na kung'aa kama nchi kavu. Mchanga mkavu na lami laini huonekana vyeusi kama maji. Na msitu uliofurika, badala ya kuwa mweusi, hung'aa zaidi kwa sababu mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, ndipo yakarudi. Ilitokea pia kwamba setilaiti ya pili ya rada, iliyorushwa mwaka 2016, iliharibika Desemba 2021, na sehemu nyingi za dunia zikapata picha chache zaidi hadi Sentinel-1C iliporushwa Desemba 2024. Anayelinganisha mafuriko ya miaka hiyo na ya miaka mingine akumbuke kwamba uchache wa picha si uchache wa mafuriko.

Nikirudi kwenye ardhi, ambako huduma hii inang'ara, nitataja jambo moja ambalo naliona ni kubwa kuliko picha zenyewe. Mtumiaji anaweza kuchora mpaka wa eneo lake, tuseme kinamasi au ukanda wa miti ya ukingoni, kisha akaomba grafu ya kielezo cha uoto kwa kipindi anachokitaka. Kielezo hicho hutegemea jambo rahisi: jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi ya karibu kwa wingi, kwa hiyo tofauti ya bendi hizo mbili hupanda majani yanaponawiri na kushuka yanapokauka au kukatwa. Grafu ya miaka mitano ya kinamasi kimoja ilinionyesha mawimbi manne ya kawaida ya masika na kiangazi, kisha wimbi la tano likakatika ghafla katikati ya msimu wa mvua, wakati ambao hakuna ukame wa kulaumiwa. Palikuwa pamechimbwa mtaro wa kuyatoa maji. Ingekuwa ni kutegemea kumbukumbu za watu, tungeambiwa kinamasi kilikauka chenyewe.

Hapo pia pana mtego, na kosa nililolifanya ni langu mwenyewe, kwa kuwa maelezo yalikuwa yametangazwa na mimi sikuyasoma. Tarehe 25 Januari 2022 utaratibu wa kuchakata picha za Sentinel-2 ulibadilishwa, na namba za mafaili ghafi zikaongezewa 1000 ili thamani zilizo chini ya sifuri zisipotee. Anayetazama ndani ya dirisha lenyewe hasumbuki, maana marekebisho hufanywa kabla ya picha kumfikia. Anayepakua mafaili na kuyachakata kwa programu yake ndiye anayepaswa kuitoa hiyo 1000 kwanza. Mimi sikuitoa. Grafu yangu ilionyesha bonde zima, misitu, mashamba, miamba na maziwa, vikibadilika kwa pamoja katika wiki moja, na nilikuwa nimeshaandika aya mbili za kueleza sababu zake kabla ya mwenzangu kuniuliza kwa upole ni ukame gani unaoathiri hata miamba.

Kwa miaka ya kabla ya 2015 Sentinel-2 haina la kusema, na hapo ndipo mtu hugeukia Landsat ya Marekani, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Julai 1972 na ambayo ghala lake lilifunguliwa bure kwa wote mwaka 2008. Pikseli yake, ambayo tangu mwaka 1982 ni ya mita 30, ni kubwa, na picha za Landsat 7 zilizopigwa baada ya 31 Mei 2003 zina michirizi mitupu iliyotokana na hitilafu ya kifaa chake cha kurekebisha mistari. Hata hivyo hakuna ghala lingine la picha za namna hii lililorudi nyuma kiasi hicho. Kutokana na mamilioni ya picha hizo, watafiti wa Tume ya Ulaya walitengeneza ramani ya maji ya juu ya ardhi kwa miaka 1984 hadi 2015, wakaonyesha kwamba karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka na nyingine 184,000 zikazaliwa kwingine, nyingi zikiwa ni mabwawa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo iko Asia ya Kati na Mashariki ya Kati, ambako Bahari ya Aral ilikauka baada ya mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, kuelekezwa mashambani. Ramani hiyo naitumia kama mizani ya kwanza: kabla ya kupiga kelele kwamba bwawa fulani limepungua, naangalia kwanza kama halikuwa na tabia ya kupungua tangu zamani.

Pwani inahitaji maneno mengi kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wakikosea kwa kujiamini. Mtu huchukua picha ya mwaka huu na picha ya miaka mitano iliyopita, huona ufuo umesogea mita 20, na kutangaza kwamba bahari inakula nchi. Huenda ni kweli. Huenda pia picha ya kwanza ilipigwa maji yakiwa yamekupwa na ya pili yakiwa yamejaa, na kwenye ufuo ulio tambarare tofauti hiyo peke yake hutosha kuusogeza mstari wa maji mara kadhaa ya umbali huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia picha za 1984 hadi 2016, ulikuta kwamba asilimia 24 ya fukwe za mchanga duniani zinaliwa kwa zaidi ya nusu mita kwa mwaka, asilimia 28 zinapanuka na asilimia 48 zimetulia. Nusu mita kwa mwaka ni mwendo mkubwa kwa mwenye nyumba iliyo ufuoni, lakini ufuo unaoliwa kwa kasi hiyo huhitaji miaka 20 kumaliza pikseli moja ya Sentinel-2. Picha mbili hazithibitishi kitu. Kinachofaa ni msururu mrefu wa picha, zikichambuliwa pamoja na jedwali la maji, yaani la saa za kujaa na kupwa.

Na hata msururu una hila yake, ambayo sikuielewa hadi nilipoketi na mzee mmoja wa jahazi. Sentinel-2 hupita kila mahali karibu na saa 4:30 asubuhi kwa saa ya jua ya mahali hapo. Bamvua nayo, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pale ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, huwa na saa zake zisizobadilika sana: kama kwenye mlango fulani maji ya bamvua hujaa saa 10 alfajiri na jioni, basi ndivyo yatakavyokuwa bamvua ijayo na ile itakayofuata. Maana yake ni kwamba saa ya setilaiti na saa ya bamvua zimefungana. Mahali pengine setilaiti haitaona kamwe maji ya bamvua yakiwa yamekupwa kabisa, na mahali pengine haitayaona yakiwa yamejaa, hata ikipita kwa miaka 30. Anayetaka kuchora mipaka ya matumbawe yanayoachwa na maji au ya tambarare za tope, achunguze kwanza kama mahali pake ni pa bahati au pa nuksi, kwa maana pakiwa pa nuksi hakuna wingi wa picha utakaomsaidia, na afadhali atafute ndege isiyo na rubani airushe mwenyewe saa anayoitaka.

Mikoko ina nafuu zaidi, kwa sababu ni mirefu na ya kijani, na haihami maji yanapopwa. Kwa mikoko nashauri dirisha hili litumike pamoja na Global Mangrove Watch, ramani iliyojengwa hasa kwa rada za Japani, ambayo toleo lake la tatu lilihesabu kilomita za mraba 152,604 za mikoko duniani mwaka 1996 na 147,359 mwaka 2020. Ramani hiyo hukupa hali ya jumla, na Sentinel-2 hukuonyesha kichaka kilichokatwa mwezi uliopita. Kwenye matundu madogo yanayoachwa na ukataji wa mti mmoja mmoja zote mbili hazioni kitu, na ukataji wa namna hiyo ndio unaomaliza mikoko polepole.

Sasa maji yenyewe. Rangi ya maji huweza kusema mambo machache kwa uhakika wa wastani: wingi wa tope, wingi wa klorofili, yaani ukijani wa mimea, unaoashiria mwani, na uwepo wa magugu maji, ambayo kielezo cha uoto huyanasa vizuri mno kwa kuwa ziwa halitakiwi kuwa na majani. Kwa maziwa makubwa na bahari ya wazi, Sentinel-3 yenye pikseli ya mita 300 na bendi 21 za kusomea rangi hufaa zaidi, na hupita karibu kila siku. Ugumu ni kwamba maji hurudisha mwanga kidogo sana. Sehemu kubwa ya mwanga unaofika kwenye setilaiti kutoka juu ya maji, inayoweza kufikia asilimia 90, imetoka hewani na si majini, kwa hiyo kosa dogo katika kuuondoa mwanga wa hewa hugeuka kosa kubwa katika hesabu ya klorofili. Ongeza mng'ao wa jua juu ya mawimbi na mwanga unaovuja kutoka kwenye miti ya ukingoni, na utaelewa kwa nini ramani nzuri ya kijani na nyekundu inaweza kuwa ya uongo kabisa.

Kuna mambo mengine ambayo hayaonekani hata kidogo: nitrati, fosfati, oksijeni iliyoyeyuka, bakteria wa kinyesi, metali nzito, viuatilifu. Hayana rangi ya kusomeka kutoka angani. Kampuni moja ya ushauri, ambayo sitaitaja, iliwahi kutuuzia ramani ya nitrati ya bonde zima iliyodaiwa kutolewa kwenye picha za setilaiti, yenye rangi tano na ufunguo wa kupendeza. Tulipochota maji katika sehemu sita na kuyapeleka maabara, ramani ilikuwa imekosea kwa tano, na ile moja iliyopatia naamini ilipatia kwa bahati. Msomaji anayekutana na bidhaa ya namna hiyo aulize swali moja: mmeona nini hasa, na mmekisia nini? Mwaka 1986, tarehe 1 Novemba, ghala la kemikali liliungua karibu na Basel nchini Uswisi, na maji ya kuzimia moto yakaubadilisha mto Rhine kuwa mwekundu. Wekundu ule ulikuwa wa rangi ya kutilia alama. Viuatilifu vilivyowaua mikunga kwa wingi hadi mbali chini ya mto havikuwa na rangi yoyote. Jicho la angani lingeufuata wekundu kwa ufasaha na lisingejua kwa nini samaki wanakufa.

Kwa hiyo simtumi mtu kazini na dirisha hili peke yake. Kifaa ninachokioanisha nalo ni cha zamani na cha bei ndogo kuliko vyote: kisahani cha Secchi, kilichobuniwa na padri Angelo Secchi mwaka 1865, ambacho siku hizi huwa na robo nyeusi na robo nyeupe kwa zamu. Unakishusha majini kwa kamba yenye alama, upande wa kivuli wa mashua, hadi kipotee machoni, kisha unakivuta hadi kirudi, na wastani wa vina hivyo viwili ndio uwazi wa maji. Kwenye ulimi wa tope kilipotea kabla kamba haijafika goti. Mita mia mbili pembeni yake kilishuka hadi mikono ikachoka kuhesabu mafundo. Vipimo vikichukuliwa siku ile ile setilaiti inapopita, na visizidi saa tatu kabla au baada ya kupita kwake, unapata jozi za namba za kukuonyesha kama rangi za picha zinalingana na maji ya kwako. Bila jozi hizo, namba ya tope iliyotoka kwenye picha naihesabu kuwa dokezo tu.

Katika usimamizi, nafasi ya huduma hii ni vikaoni. Bonde haliheshimu mipaka ya wilaya wala ya nchi, jambo ambalo nchi za mto Rhine zililikubali zilipounda kamisheni yao mwaka 1950, na Umoja wa Ulaya ukaliweka katika sheria yake ya maji ya mwaka 2000, inayotaka kila bonde lisimamiwe kwa ujumla wake. Ugumu wa vikao vya namna hiyo ni kwamba walio juu ya mto huja na takwimu zao na walio chini huja na zao. Picha ambayo kila upande unaweza kuifungua mwenyewe, kwa tarehe ile ile, hufupisha mabishano ya lini na wapi, na kikao hubaki na muda wa kujadili kitakachofanyika. Nimeona pia ikitumiwa vibaya, mtu akiinyanyua picha ya mteremko uliokatwa kama hati ya mashtaka. Picha haionyeshi aliyekata, wala aliyeruhusu, wala kama palikuwa na kibali, na mwenyekiti mwenye busara huirudisha mezani.

Kuhusu uendeshaji wake wa kila siku sina mengi ya kusema. Kwenye intaneti ya kusuasua dirisha huchelewa lakini hufanya kazi; kisanduku cha kuchuja mawingu hudanganya kidogo, kwa sababu asilimia hupimwa kwa kipande kizima chenye upana wa kilomita 110, na bonde lako laweza kuwa wazi kabisa ndani ya kipande kilichotajwa kuwa na mawingu asilimia 70, kwa hiyo usikibane sana. Kinyago cha mawingu, yaani kile kinachoziba sehemu za picha zenye wingu, nacho hudhani mchanga mweupe wa ufuoni ni wingu, na anayefuatilia fukwe bila kulijua hilo atapoteza nusu ya picha zake nzuri. Kwa mwanafunzi, afisa wa wilaya au mlinzi wa mikoko aliye na kompyuta moja ya wastani, naipendekeza bila kusita. Kwa anayetafuta mbadala wa maabara, hapana.

Ukutani pangu nimebandika karatasi mbili pamoja, jedwali la maji na kalenda ya kupita kwa setilaiti. Alhamisi ijayo Sentinel-2 inapita siku moja kabla ya bamvua, na mwenye mashua ameshaambiwa tuondoke saa 2:30, ili saa 4:30 itukute katikati ya ulimi wa tope, kamba ikiwa mkononi.